Kesho ya Mzee Kondo

Hili sikusimuliwa na mtu. Lilinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kibaha, Tangini, kwenye kibanda changu cha kutengeneza laptop, tena jua halijazama. Ungenisimulia wewe ningekucheka, maana nilikuwa hodari wa kucheka mambo haya. Sasa sicheki.

Mzee Kondo alikuwa mwalimu mstaafu wa Kisarawe. Mwanawe, Idrisa, alisoma nami chuo, na kabla hajafariki alimwachia baba yake laptop aliyoiwekea mfumo wa Linux kwa mkono wake. Humo ndani alijirekodi akimwelekeza mzee namna ya kuitumia. Sauti ya Idrisa haikubaki popote pengine. Siku moja mashine ikamuuliza mzee kama anaruhusu kusasisha mfumo, naye akabonyeza ndiyo. Ilipozimwa haikuwaka tena, ikawa inaleta maandishi meupe kwenye kioo cheusi, basi.

"Mwanangu, mimi mgonjwa," aliniambia siku aliyoileta. "Nataka nimsikie Idrisa kabla sijaenda."

Nikamwambia aje kesho.

Mafundi unatujua. Tunasema kesho ili mtu aondoke mlangoni akiwa na matumaini, nasi tuendelee na yetu. Mzee akaja tena, akapigwa kesho. Akaja tena, magari mawili kutoka Kisarawe, na laptop yake iko chini ya meza, hata kuifungua sijaifungua. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu. Alikuwa anahema, ameshika ukuta. Nikaona haya, nikaapa.

"Wallahi mzee wangu, kesho utaondoka nayo."

"Haya. Kesho nitakuja," akasema, akatoka taratibu.

Jumanne baada ya alasiri ikapiga mvua kubwa. Nikafunga mlango kwa komeo maji yasiingie, nikakaa na simu yangu. Habari za mzee nilishasahau, sikufichi. Nikainua macho, huyu hapa, Mzee Kondo, amekaa kwenye benchi la wateja. Kanzu nyeupe, kavu kabisa, na nje mtaro unafurika. Ameingiaje? Amini usiamini, swali hilo wakati ule halikunijia.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitika. Yeye, ambaye marahaba yake ilikuwa inasikika hadi kwa jirani!

"Ulisema kesho," akaniambia.

Kibanda kikajaa harufu ya karafuu maiti, ile ya kwenye sanda. Nikajua amekasirika tu, nikaivuta laptop haraka na kuanza kazi.

Kumbe tatizo lenyewe dogo. Mfumo ukijisasisha huleta kerneli mpya, yaani kile kiini kinachoamsha mashine, na ile ya zamani hubaki kama akiba. Sehemu ya kuzihifadhia ilikuwa imejaa, mpya ikaingia nusunusu. Nikachagua ya zamani kwenye orodha, mashine ikaamka, ikaomba nywila. Kabla sijafungua mdomo, mzee akaanza kunitajia herufi mojamoja, kama anasomesha imla darasani. Nikafuta kerneli zilizochakaa kupata nafasi, nikaiweka upya ile mpya, nikazima, nikawasha. Ikawaka.

Nikatazama saa. Dakika ishirini. Dakika ishirini, ndugu yangu, na mzee wa watu nilimzungusha wiki tatu!

Nikafungua faili la sauti. Idrisa yule yule, na kicheko chake: "Baba, ikikuuliza kitu usichokijua, usibonyeze. Nipigie mimi kwanza."

Roho iliniuma. Angempigia nani?

Nikageuka nimtazame mzee anavyofurahi. Benchi tupu. Komeo liko vile vile nilivyolifunga, na sakafuni hakuna hata tone la maji.

Sikulala. Asubuhi nikabeba laptop hadi Kisarawe. Nilipoona turubai na watu wamekaa mikekani, nikapunguza mwendo. Binti yake, Mwajuma, akanipokea.

"Baba tumemzika jana adhuhuri," akasema. "Jumatatu usiku alikuwa anadai viatu vyake. Anasema ana ahadi Kibaha, fundi ameapa."

Adhuhuri. Kwangu alikuja baada ya alasiri. Nilimpa pole, nikafungua laptop, nikaandika nywila. Mwajuma akanikazia macho.

"Nywila amekupa nani? Hata mimi alinificha."

Nikabonyeza, sauti ya Idrisa ikatoka, wanawake wakaanza kulia upya. Nami nililia, tena bila kujificha.

"Laiti baba angesikia," Mwajuma akasema.

Hapo ndipo ninapoumia mpaka leo. Pengine alisikia. Pengine aliondoka kabla sijafungua lile faili. Nilikuwa nimempa mgongo, sijui, na sitajua.

Tangu siku ile neno kesho halinitoki mbele ya mteja, ulimi unakuwa mzito kabisa. Naweza au siwezi, nasema pale pale. Ikinyesha alasiri ile harufu hurudi, na benchi silitazami. Wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu cha mtu chini ya meza yako na ulimwambia aje kesho, nenda kakitoe sasa hivi. Akija mwenyewe kukifuata, omba awe bado anaitikia salamu.