Maduara Tisa Ubaoni

Basi lilikuwa limepita kona nyingi, na mlima haukuonyesha nia ya kwisha. Upande mmoja kulikuwa na mwamba uliotiririka maji. Upande wa pili hapakuwa na kitu ila hewa, na chini kabisa ya hewa hiyo ulionekana uwanda wa Mombo walikotoka, umelala kama ngozi iliyoanikwa. Walipokaribia Soni baridi iliingia kwa dirisha lisilofungika, na kikohozi kikamshika Hezekia. Alikohoa mpaka kondakta akageuka. Mama aliyeketi naye alisogeza kikapu chake, akamtazama kama mtu anayekagua ng'ombe wa mnadani.

"Unaumwa nini, baba?"

"Vumbi la mkonge, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unakohoa kwanza ndipo unaamkia. Watu wa Tanga bwana!"

"Mimi Mbondei."

"Ala! Basi wewe ni mdogo wetu uliyepotelea mkongeni. Onga mshi."

Hezekia aliijibu salamu hiyo ya Kisambaa kwa Kibondei, na abiria wa kiti cha nyuma wakaicheka lafudhi yake. Hakuwahi kupanda milima hii. Maisha yake yote aliiona kwa mbali tu, bluu, ukingoni mwa mashamba ya mkonge, na alidhani ni sehemu ya mbingu. Sasa aliona kwamba ina watu kila mahali. Mwanamke alikuwa akipalilia maharage mahali ambapo mbuzi angefikiri mara mbili.

Mama yule aliuliza anakokwenda. Aliposikia ni kiwanda cha chai cha Kwemtindi, kwa mafunzo, alipiga makofi mara moja.

"Wewe ndiye mtu wa chuo kikuu? Mimi nilitegemea mtu mwenye miwani! Naitwa Raheli. Ni mnyapara wa chumba cha kuchambulia. Utatukuta huko, na tutakulisha, maana hivyo ulivyo upepo wa Kwemtindi utakubeba."

Hezekia hakuwa mtu wa chuo kikuu. Tangu alipokuwa kijana alisimama mbele ya mashine ya kusokota kamba kwenye kiwanda kimoja cha Tanga. Alioa akiwa kwenye mashine hiyo, akazaa, akasherehekea uhuru, akaandamana kuunga mkono Azimio, na kila siku alivuta ndani vumbi jeupe lililoelea ukumbini kama unga. Kisha daktari alimwekea kipima-moyo mgongoni. "Toka kwenye mashine," alimwambia. "Ukibaki, sikupi miaka mingi." Lakini kiwandani mtu anayetoka kwenye mashine ana milango miwili tu: lango kuu au ofisi. Ofisini hawakumhitaji mtu wa darasa la saba.

Ndipo likaja tangazo. Chuo kikuu kilikuwa kinafungua madarasa ya uongozi kwa wafanyakazi wa viwandani, ili viwanda vya umma viongozwe na watu waliovishika kwa mikono yao. Wenzake walimchagua kwa sababu alisoma magazeti kwa sauti wakati wa mapumziko, na kwa sababu walimsikia akikohoa. Alikwenda Dar es Salaam, akaketi darasani na mafundi mchundo na wapakia saruji, wanaume wenye mikono mikubwa waliokamata kalamu kana kwamba itawatoroka. Mwalimu wao aliwafundisha kuchora kazi ubaoni. Kila mtu alikuwa duara, kila hatua ya kazi mshale. "Ukichora vizuri," alisema, "kazi yenyewe itakwambia inataka watu wangapi."

Baada ya madarasa kulikuwa na miezi mitatu ya kufanya kazi chini ya meneja wa kiwanda kingine. Mwishoni, mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya meneja na mwalimu, aeleze badiliko moja litakaloiboresha kazi. Akiwaridhisha, anapewa cheti na nafasi ya usimamizi. Asipowaridhisha, anarudi kwenye mashine yake. Kwa wengine hilo lilikuwa jambo la aibu. Kwa Hezekia lilikuwa jambo la pumzi.

Meneja wa Kwemtindi, Bwana Leonard, alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimpeleka chumba cha kuchambulia, akamwacha. Ndani machekeche yalitikisika na kuishusha chai kwenye meza ndefu, na wanawake waliokaa kuizunguka walichomoa vijiti kwa vidole vilivyokwenda haraka kuliko macho. Kwa hesabu ya ofisi walikuwa tisa. Hezekia alikuta sita.

"Wengine wako wapi?"

"Mmoja chooni, Bwana Chaki," alisema Mwanasha, mjane mwenye sauti ya kukwaruza. Jina hilo alimpa siku ya kwanza, kwa ajili ya chaki zilizochungulia mfukoni mwake. "Mmoja kafuata masanduku. Na mmoja kaenda kumtafuta huyo wa chooni."

Chumba kizima kikacheka, na yeye pia.

Alirudi asubuhi, akarudi mchana, akarudi jioni kabla ya king'ora. Kila mara walikuwa sita, si wale wale, lakini sita, na kila jioni chai ilikuwa imekwisha na meza imefagiliwa. Aliuliza, kalamu mkononi, kama kazi ni nzito.

"Aa, nzito wapi," alisema Raheli. "Tumezoea."

"Ni kama kuchambua mchele," alisema Kibibi, mdogo kuliko wote, aliyejifungua karibuni.

"Mchele wa harusi ya watu elfu," aliongeza Mwanasha, na Raheli akamkata jicho.

Saa sita Raheli alimwekea bada, ule ugali wa muhogo, na maharage kwenye sahani ya bati, akasimama hapo mpaka aimalize. Hezekia alianza kukohoa kidogo zaidi. Hewa ya mlimani, alifikiri. Alimwandikia mkewe kwamba amelala usiku mzima bila kuinuka kukaa.

Jambo moja alilijua na hakutaka kulitazama. Kule Tanga, kikohozi kilipombana, Nikodemo wa mashine ya jirani alishika mashine zote mbili mpaka Hezekia aliporudi kutoka nje akijifuta mdomo. Mtu aliyepita ukumbini saa hizo angeona mtu mmoja akitosha kwa mashine mbili. Hezekia alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa darasa lile. Lakini miezi mitatu ilikuwa inakwisha, badiliko jingine hakuwa nalo, na kila alipofumba macho aliliona vumbi jeupe likimsubiri.

Mwalimu alifika kwa Landrover ya mkoa. Ofisini kwa meneja palikuwa na ubao, na Hezekia alichora maduara tisa, akaeleza mshale mmoja baada ya mwingine. Kisha akachukua kitambaa na kufuta matatu. Aliyafuta vizuri, pasibaki hata kivuli. Mwalimu alisema hiyo ndiyo akili ya mfanyakazi aliyejifunza kutazama. Bwana Leonard hakuinua macho. Alikuwa anaandika.

Mwaka ule, sabini na sita, mashirika ya umma yalikuwa yameagizwa kupunguza watu. Hezekia alikuwa amelisikia redioni kama mtu anavyosikia habari za mvua ya mahali pengine. Siku chache baada ya mwalimu kuondoka, wafanyakazi waliitwa uani. Chumba cha kuchambulia kitabaki na watu sita, meneja alisema, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaalamu wa chuo kikuu. Watakaopunguzwa wataondoka katika nyumba za kiwanda, na serikali itawapa mashamba katika kijiji kipya bondeni, Mnazi.

Watu wa mlimani wakisikia Mnazi hawafikirii mashamba. Wanafikiria joto linalokaa juu ya mtu kama blanketi lililoloa. Wanafikiria mbu, na jamaa waliokwenda huko kulima mpunga wakarudi wamefungwa mkekani.

Hezekia alimkuta Raheli nyuma ya kiwanda, kwenye lundo la vijiti vya chai.

"Mama, nyinyi ni tisa. Kwa nini sikuwahi kuwaona tisa?"

Raheli hakumtazama. "Ngemo huijui? Na wewe Mbondei?"

"Naijua. Watu wanakuja kukulimia, kesho unakwenda kuwalimia."

"Basi tumeileta humo ndani. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo kila siku watatu wanatoka. Mmoja analima, mmoja anauguza, Kibibi ananyonyesha. Sita tunabeba kazi ya tisa. Siku mbili mwili unaungua, ya tatu unapumua. Sasa watakaobaki umewaachia zile mbili za kuungua tu."

"Mbona hamkuniambia? Niliuliza!"

"Uliuliza ukiwa mgeni. Mgeni anaambiwa kazi ni nzito? Angekula chakula chetu kwa raha?"

Hezekia aliketi juu ya vijiti. "Nakwenda kumwambia meneja ukweli."

"Upi?" Sasa alimtazama. "Kwamba watu tisa wanalipwa kila siku na watatu hawapo? Huo si ukweli, huo ni utoro, na sote tutafukuzwa bila hata hilo shamba la Mnazi. Utawaokoa watatu kwa kutumaliza tisa. Nyamaza, Hezekia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu.

Alinyamaza kuhusu hilo. Lakini alikwenda kwa Bwana Leonard, akasimama mbele ya meza yake bila kukaribishwa kiti.

"Ile hesabu nilikosea, bwana. Sita hawatoshi."

"Umekosea wapi?"

Hezekia alilikumbuka neno la Raheli: utoro.

"Miezi mitatu wametosha. Umesema mwenyewe, mbele ya mwalimu wako. Au wale watatu walikuwa wapi?"

"Mimi nimekosea tu. Andika kwamba nimeshindwa. Cheti wasinipe. Nirudi Tanga kwenye mashine, na wao wabaki." Alipolisema hilo kifua kilimbana, akakohoa, akashika ukingo wa meza mpaka kikapita.

Bwana Leonard alimsubiri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoondoa tumaini, kwa sababu mtu mbaya huenda akaogopeshwa.

"Ukishindwa wewe, atabaki nani?" alisema. "Agizo ninalo tangu kabla hujaja. Kila idara imenijia na machozi. Wewe peke yako ulinijia na sababu. Nikikurudisha Tanga, sababu yako inabaki hapa." Alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Chumba kile sasa kitahitaji msimamizi aliyesoma. Chuo kimekupitisha. Nafasi ni yako. Afadhali mtu anayewahurumia."

Kamati ya wafanyakazi ilikiachia chumba kichague chenyewe nani aende. Walichagua bila kelele, mlango umefungwa, na Hezekia akiwa nje kama mwanamume anayesubiri uzazi. Wenye waume walikuwa na mashamba ya waume zao, hawangeweza kuyahamisha. Kibibi alikuwa na kichanga, na kichanga hakipelekwi kwa mbu. Walibaki wajane watatu waliokaa nyumba za kiwanda kwa kuwa shemeji zao walikwisha kugawana mashamba. Raheli alijitaja wa kwanza, ili wengine wawili wasihitaji kutajwa na mtu.

Hezekia alikubali ile kazi. Alijiambia ni kwa ajili ya watoto wake, alijiambia ni ili awalinde wale sita, na yote mawili yalikuwa kweli. Kweli pia ni kwamba alitaka kupumua.

Lori liliondoka asubuhi ya ukungu. Mwanasha alishapanda, amekalia godoro lake kama malkia, anamtukana dereva kwa utaratibu. Raheli alifunga kamba ya mzigo wake mwenyewe. Hezekia alitaka kumsaidia, akasukumwa mkono.

"Fundo lako la Tanga litafunguka kabla hatujafika Mlalo."

"Mama Raheli, nisamehe."

"Kibibi umruhusu saa nne na saa nane. Usingoje akuombe, ataona haya. Kile chekeche cha mwisho kinakwama, usikipige teke, kinyanyue." Alifikiri kama kuna lingine. "Na uwe unakula. Sasa hakuna wa kukusimamia."

"Nisamehe, mama."

Aliweka mguu kwenye gurudumu, akapanda bila kushikwa na mtu. Huko juu alijifunika kanga kichwani dhidi ya umande. "Nikikusamehe utalala vizuri," alisema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi. "Acha kwanza nifike nione huko ninakolala mimi."

Lori liliunguruma na kuacha kigugumizi cha moshi. Lilipofika kwenye miti ya mwisho halikuonekana tena. Likasikika tu likibadili gia, likateremka, likabadili tena, na kila aliyekuwa uani alisikiliza mpaka pasiwe na cha kusikilizwa.

King'ora kililia. Wanawake sita waliingia chumbani, na machekeche yakaanza kutikisika. Hezekia alibaki uani.

"Bwana msimamizi!" Bwana Leonard aliita kutoka dirishani.

Hezekia aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.