Pepeta ya Kipande cha Mungu

Sisi tuliokulia bonde la Kilombero miaka ile ya tisini tulisoma shule mbili. Moja ilikuwa na ubao na mwalimu. Nyingine ilikuwa dungu, kile kijukwaa cha miti katikati ya shamba la mpunga, ambako mtoto alipanda alfajiri kufukuza ndege. Silaha zako zilikuwa kombeo, madonge ya udongo na debe bovu la kupigia kelele. Kwelea kwelea walikuja kundi zima, wakageuka wote kwa pamoja, na ukizubaa kidogo tu umekwisha. Leo nikimwomba mwanangu aondoe vyombo mezani ananiambia amechoka, na amechoka kwa kukaa. Namsamehe, maana hajawahi kushindana na ndege.

Kijiji chetu kilikuwa kwenye barabara ya Mlimba, mbele kidogo ya Mbingu. Milima upande mmoja, mto upande wa pili, na katikati mpunga mpaka macho yachoke. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka milimani ukalala juu ya mashamba, kisha jua likauondoa taratibu, na chini yake kila kitu kilikuwa kibichi na kimeoshwa. Bibi yangu, mama yake baba, aliyetoka Mahenge akiwa bibi harusi, alikuwa akisimama uani kila siku akiangalia mambo hayo, kisha anasema, "Asante Baba, umetandika tena," kama mgeni anayemshukuru mwenye nyumba kwa shuka safi.

Jumapili haikuwa na mjadala. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, na kikigongwa mara ya kwanza ulipaswa kuwa umeshaoga na kupakwa mafuta mpaka unang'aa. Viatu tulibeba mkononi hadi kwenye kijito karibu na kanisa, tukanawa miguu, ndipo tukavivaa. Misa ilikwenda saa tatu nzima, na mtoto akisinzia alifinywa na mama yeyote aliyekaa karibu, na mama yako mzazi akashukuru. Vijana wa siku hizi, padri akizidisha mahubiri kidogo, wanaanza kuchungulia simu chini ya benchi wakidhani Mungu haoni mwanga.

Lakini siku kubwa kuliko zote, ukiacha Krismasi na Pasaka, ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kila familia ilikuwa na kipande cha Mungu shambani. Kwetu ni Bibi aliyekichagua. Kabla mtu hajaangusha mbegu popote, mbegu ya kwanza iliangushwa hapo, na kwa hiyo mpunga wake ulitangulia kuiva. Mavuno yake yote yalipelekwa kanisani siku hiyo, na mpaka yapelekwe, hakuna aliyeonja mchele mpya nyumbani. Mlangoni alisimama katekista mwenye sauti ya kuamsha wafu, akitaja jina la familia na walicholeta, na kina mama wakapiga vigelegele. Wasukuma wachache waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao walileta vibuyu vya maziwa mgando. Juu ya kipande chetu Bibi alikuwa na neno moja tu, "Hicho kina mwenyewe," na hata kuku walifukuzwa hapo kwa adabu.

Nilipokuwa darasa la nne, Bibi aliugua. Homa iliondoka kwa sindano, ila hamu ya chakula haikurudi. Uji alikataa. Perege, samaki aliyempenda, alikataa. Siku ya tano alikuwa amebaki macho tu. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba huenda ni wakati wa kuwaita ndugu wa Mahenge, na mimi nilijua ndugu huitwa kwa sababu gani. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Siku hiyo hiyo Bibi alimwambia Mama kwamba labda angeweza kula pepeta. Aliyekulia kwetu haelezwi. Kwa wengine, ni mpunga unaokatwa punje zikiwa bado za kijani, ukakaangwa na maji yake, ukatwangwa ungali wa moto, ukatoka umelala bapa na kunukia. Tatizo ni kwamba mvua zilichelewa mwaka ule, na mpunga wetu, kama wa kijiji kizima, ulikuwa ndiyo kwanza unachanua. Uliofikia hatua ya pepeta ulikuwa ule wa kipande cha Mungu peke yake.

"Hicho hapana," Mama alisema. "Nitamwambia nini Mungu?"

Kesho yake, nikiwa peke yangu shambani, nilishuka kwenye dungu na kisu. Nilisimama mbele ya kile kipande muda mrefu. Kisha nikasema kwa sauti, "Naomba kidogo, Bibi hali chakula," nikaanza kukata. Kidogo yangu ilikuwa karibu yote, maana nilijua pepeta hupungua sana kinuni. Nilibakiza ukingo mmoja tu uliokuwa mchanga mno. Nilikaanga kwenye chungu cha kibanda chetu cha shambani, nikatwanga mikono ikatoka malengelenge. Nyumbani nikasema nimepewa na Mama Festo, jirani tuliyepakana naye shamba. Mama alikuwa amechoka mno kuuliza zaidi.

Bibi alifanya ishara ya msalaba, akachukua punje chache, akatafuna polepole. Kisha akachukua nyingine. Nilikaa chini kando ya kitanda nikisikiliza taya zake zikifanya kazi, na sijawahi kusikia kwaya iliyonifurahisha namna ile. Jioni aliomba maji. Kesho yake aliomba uji, na habari ya ndugu wa Mahenge haikutajwa tena.

Ningekuwa na raha kabisa kama Bibi hangekuwa mtu wa shukrani. Kila jioni kwenye rozari alimtaja Mama Festo. Aliombea shamba lake, miguu yake iliyokuwa ikimuuma, hata mbuzi wake. Nami niliitikia na wengine huku masikio yakiwaka moto. Na Jumapili ya mavuno ilikuwa ikija.

Bibi alipopata nguvu, tulikwenda naye kusali jumuiya na majirani. Sala zilipokwisha aliinuka, akamshukuru Mama Festo mbele ya watu wote kwa pepeta iliyomrudishia uhai. Mama Festo, ambaye mpunga wake ulikuwa bado mtupu, alimtazama Bibi, akanitazama mimi, akaona uso wangu. Akasema si kitu, Mungu ndiye mwema. Tulipokuwa tunatoka alinivuta kando.

"Dafroza, mimi nimedanganya mara moja kwa ajili yako," alisema. "Sidanganyi mara mbili. Kabla ya mavuno umwambie bibi yako mwenyewe."

Nilimwambia siku ya pili yake, akiwa anaota jua uani. Mama alikuwa hapo anapepeta mchele wa zamani. Alisikia akaangusha ungo. Alikwenda shambani mbio, akarudi amejishika kichwa. Familia yetu ingesimama mlangoni mwa kanisa na nini? Akasema tukivuna mpunga wetu mwingine tujaze debe, nani atajua. Kisha akatafuta fimbo.

Bibi alimzuia kwa mkono. Aliniuliza nilisema nini nilipokuwa nakata. Nikamwambia.

"Basi kwa Mungu uliomba," alisema. "Mpunga ni wake, na mimi ni wake, amenilisha. Lakini wiki nzima namshukuru Mama Festo, na aliyenipa chakula umemficha nisimshukuru. Hilo ndilo baya, mjukuu wangu." Nililia kuliko ambavyo ningelia kwa fimbo. Kuhusu debe la mpunga mwingine, alimwambia Mama hapana. Tungepeleka kilichobaki.

Kilichobaki, ule ukingo, ulipoiva ulijaa kopo moja. Jumapili ya mavuno watu walipanga mstari na magunia vichwani, na baiskeli zimeelemewa, na sisi na kopo. Mama alijifunika khanga mpaka puani. Baba alikuwa ameona ghafla jambo la kuongea na watu wa nyuma. Bibi alinikabidhi kopo mimi, akanishika bega, tukasogea. Katekista alitaja jina letu kwa ile sauti yake, akaangalia mikononi mwangu. Kisha akauliza polepole kama hicho ndicho chote.

"Ndicho chote," Bibi alijibu, na kanisa zima lilisikia. "Kingine Mungu alinilisha mimi nikiwa nakufa. Huyu mtoto ni shahidi."

Aliyeanza kupiga kigelegele alikuwa Mama Festo, kisha wakafuata wote, na Mama yangu akashusha khanga usoni. Nililipeleka kopo lile mpaka mbele ya altare, nikaliweka kati ya magunia. Bibi aliishi mavuno saba mengine baada ya hayo.

Leo naishi mjini. Kanisa letu lina feni na vipaza sauti, na watoto wangu wanakula pepeta ya kwenye mifuko ya nailoni ninayonunua stendi nikipita Ifakara. Siwalaumu, dunia yao ndiyo hii. Mwaka huu, ilipofika Jumapili ya mavuno, nilikuwa na mafua, nikatuma sadaka yangu kwa simu nikiwa sebuleni. Ujumbe ukarudi hapo hapo kwamba imepokelewa. Nilibaki na simu mkononi, nimeshamaliza kushukuru, na hakuna mtu hata mmoja aliyejua nashukuru kwa ajili ya nini.