Mama na Sikukuu ya Mfalme

Mama yangu alikufa siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme wa Waingereza, na mimi nilizaliwa siku hiyo hiyo, muda mfupi kabla hajakata roho. Watu wetu wa huku ziwani hawakuwa na mazoea ya kushika tarehe. Mtu alikufa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa, basi, yakaisha. Sisi hatukupewa nafasi ya kusahau. Kila mwaka serikali ilitukumbusha kwa bendera.

Baba alikuwa askari polisi pale Kisumu, mpigaji wa ngoma kubwa katika bendi. Asubuhi ile mama alishikwa na uchungu, baba akaenda kuomba ruhusa. Shangazi, aliyenilea, alinisimulia jibu la yule afisa wa Kizungu mara nyingi hata sasa nalisikia: "Ngoma moja tu. Mfalme hapana ngoja. Bibi yako ngoja."

Mama hakungoja. Bendi ilikuwa katikati ya wimbo wa mfalme shangazi alipotokea ukingoni mwa uwanja, mikono kichwani. Baba alimwona, akaelewa, akakosa pigo moja. Kisha akaendelea mpaka mwisho, maana angeacha angefungwa.

Nilikua nikiichukia sikukuu ile. Wahindi walifunga maduka yao na kuyapamba. Sisi watoto wa shule ya misheni tulipangwa juani, tukamwimbia maisha marefu mtu ambaye hatujapata kumwona, halafu tukagawiwa peremende. Zangu nilizitupa mtaroni.

Lakini sikukosa kwenda hata mwaka mmoja. Nilikwenda kusikiliza kitu kimoja tu. Kila mwaka wimbo ulipofika pale pale alipokosa pigo siku ile, mkono wa baba ulikwama, na ngoma ikanyamaza kidogo. Afisa alimfokea, wenzake wakamcheka kwamba amezeeka kabla ya wakati. Baba hakujitetea. Mimi nilirudi nyumbani moyo umetulia, kwa kuwa mama alikuwa amekumbukwa.

Nilipokuwa msichana mkubwa, mfalme akafa. Mwanawe akashika kiti, na sikukuu ikahamishiwa siku aliyozaliwa yeye, wiki chache mbele. Hakuna aliyetuuliza. Siku yetu ilipofika, wanawake waliuza samaki sokoni kama kawaida, treni ikapiga honi, baba akapangiwa zamu ya kulinda ghala la pamba. Nilipita uwanjani nikakuta mbuzi wanakula majani. Mimi niliyeichukia siku ile nililia kwa hasira. Walitunyang'anya mama, sasa wametunyang'anya na siku yake, na wala hawajui kwamba wamechukua kitu.

Sikukuu mpya ikaja na bendera zake. Nilisimama ukingoni, pale shangazi aliposimama zamani, nikangoja. Wimbo ukafika mahali pale. Ngoma haikunyamaza. Wimbo ukapita, ukaenda hadi mwisho, watu wakapiga makofi.

Jioni baba alirudi na uso ambao sikuwa nimeuona kwake. Afisa alikuwa amemsifu mbele ya bendi nzima, na wale waliokuwa wakimcheka walimpa mkono.

"Leo sikukosea hata mara moja, mwanangu," aliniambia.

Nilimwekea maji ya kunawa, nikamjibu kwamba nilisikia.