Nukta Nyeupe ya Mama Shabani

Leo jirani yangu amepika pilau ya furaha kwa kosa langu.

Ni Mama Shabani, hapa Bigwa. Mwanawe ni baharia wa meli ndogo ya mizigo. Jana saa kumi na mbili asubuhi dhoruba iliwakuta nje ya Kilwa, na tangu hapo hawapatikani.

Mnanijua, setilaiti nazielewa kuliko watu. Nikapakua picha ya rada ya asubuhi ileile. Humo bahari huonekana nyeusi na chuma hung'aa. Niliona nukta moja nyeupe. Muda ulioandikwa: 02:45.

Nikasoma saa tatu kasorobo asubuhi, kama tunavyohesabu sisi. Nikakimbia kwake.

"Shikamoo mama. Dhoruba imepita, na bado wanaelea!"

"Marahaba! Mungu akuzidishie, mwanangu!"

Akaita majirani. Akainjika sufuria.

Pilau ilipoanza kunukia, mwalimu wetu wa fizikia, niliyemtumia picha, akajibu: "Hizo ni saa za kimataifa. Ongeza tatu."

Yaani 05:45, kwetu saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Robo saa kabla ya dhoruba.

Nilimweleza mbele ya wageni wake. Hakuna aliyenigombeza. Afadhali wangenigombeza.

Mama Shabani akauliza, "Kwa hiyo hapo alikuwa mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nitumie hiyo picha."

Ameiweka kwenye profaili yake: weusi mtupu na nukta moja.

Mlio karibu, piteni mkae naye. Mimi bado naona haya.