Bomba la Shangazi na Pimbi wa Mlimani

Shangazi yangu alipika miaka mingi katika nyumba ya wageni iliyo juu kabisa mlimani, mahali ambapo hata mpagazi mzoefu hufika akihema. Ana ulimi mkali, na mimi nimeurithi, kwa hiyo msinitegemee nisimulie haya kwa upole.

Huko juu, bomba la nje ya jiko lilikuwa halikazwi jioni. Liliachwa lidondoshe matone mpaka asubuhi, maana maji yakitulia ndani yake huganda na kulipasua. Maji yenyewe yalitoka kwenye barafu ya kileleni. Barafu ilipozidi kupungua, kijito cha chini ya miamba kikakauka, na majani mabichi ya kandokando yakakauka nacho. Pimbi, wale wanyama wadogo wanene wanaoishi kwenye nyufa za mawe, wakahamia kwenye matone ya Shangazi. Walikunywa, wakatafuna vijani vilivyoota kwenye tope, na akichelewa kuwapisha walimfokea.

"Hawa ni kama mawifi zangu," alisema. "Wanakula kwangu na bado wananinunia."

Kisha akaja meneja mpya. Akaona usiku haugandishi tena kama zamani, akaamuru bomba likazwe, maji yasipotee bure.

"Na hawa watakunywa wapi?" Shangazi akamuuliza.

"Mama, mimi naendesha nyumba ya wageni, siendeshi zizi."

Bwana huyohuyo alikuwa amewachora pimbi kwenye bango la mlangoni ili avutie wageni! Na kila alasiri viatu vya wageni vilioshwa kwa ndoo nzima za maji, kesho yake vikarudi matopeni. Huo haukuwa upotevu. Upotevu ulikuwa matone. Mpaka leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Shangazi alilikaza. Wiki haikuisha akamkuta pimbi jike mwenye mimba amekufa chini ya bomba, mdomo kwenye tope lililokauka. Akalifungua meneja akiona.

"Lifunge, au funga virago."

"Cha mchana nimeshakupikia," Shangazi akasema. "Cha jioni jipikie."

Akavua aproni, akateremka mlima peke yake.

Miezi kadhaa baadaye mpagazi mmoja alikuja nyumbani kumjulia hali, meno yote nje. Nyumba ya juu imefungwa, alisema. Maji yameisha kabisa, na meneja ameshuka na mabegi yake mwenyewe, hakupata hata wa kumbebea. Tulipiga makofi sebule nzima. Mimi nilishangilia kuliko wote, kwa kuwa nilikuwa nimemwombea mtu yule mabaya kwa moyo wangu wote.

Shangazi hakucheka. "Na pimbi?"

Mpagazi akatazama chini. "Mama, tumezunguka kule siku nzima. Ni mawe tu."

Shangazi akatugeukia. "Sasa mnashangilia nini?" akauliza.