Kibuyu Kilichoonja Sabuni

Enzi zetu hakuna mtu aliyeuliza kama mvua itanyesha. Kule kwetu, kwenye mteremko ulio juu kidogo ya Mogogosiek, mvua ilikuja saa tisa alasiri kama mtu aliyeandikwa kazi. Tulitoka shuleni mbio, daftari tumezificha ndani ya sweta, ili itukute angalau tumevuka daraja. Ikitushinda, waliokuwa na viatu walivivua wakavibeba mkononi. Kiatu kilikuwa na thamani kuliko mguu, maana mguu ungekauka wenyewe.

Nawaandikia nyinyi mnaoijua ile pakiti ya maziwa ya shule yenye pembe tatu, na jinsi ilivyopasuka kwa kishindo ukiipulizia hewa na kuirukia kwa miguu miwili. Mnaujua pia mchezo wa kujificha chini ya michai. Mchai ukichumwa vizuri hukaa sawa juu kama meza, na chini ya meza hiyo kuna vichochoro ambavyo mtu mzima hapiti, lakini mtoto anaweza kutambaa kutoka shamba la kwao mpaka la jirani bila kuonekana. Tulitokea upande wa pili magoti yakiwa mekundu kwa udongo. Mama hakuwa na haja ya kuuliza tulikuwa wapi. Alitazama magoti tu. Watoto wa siku hizi magoti yao ni safi mpaka unashuku kama yanafanya kazi.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jiko la Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kipsigis, yaani mama mzazi wa baba yangu. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo, mabati juu, na ndani giza lenye harufu ya moshi na viazi vitamu. Babu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia. Kigoda chake kilibaki mahali pake kando ya moto na hakuna aliyekikalia. Sisi wajukuu tuliingia humo kama kuku, tukadonoa kilichokuwepo, tukatoka mbio kurudi kucheza. Kogo hakulalamika. Alisema tu, "Mmeshiba? Basi nendeni," na tulikuwa tumeshaenda kabla hajamaliza.

Ukutani kwake kilining'inia kibuyu cha mursik. Asiyeijua mursik aelewe kwamba ni maziwa yaliyochemshwa, yakapozwa, yakamiminwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa makaa ya mti uitwao senetwet, kisha yakaachwa siku kadhaa yagande. Yanatoka mazito, yana rangi ya kijivu na ladha ya moshi, na ukiyala na ugali wa wimbi unasahau kama ulikuwa na shida. Kibuyu hicho mama yake Kogo alimkabidhi siku alipoolewa. Alikipakata tangu Sigor, kule chini kwenye joto, mpaka huku kwetu kwenye baridi, na kifuniko chake cha ngozi bado kilikuwa na simbi za kwao. Ng'ombe aliokuja nao walikufa wote. Kibuyu kilibaki.

Sasa, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili nilipata elimu. Mwalimu wetu wa sayansi kimu alitufundisha kwamba chombo chochote cha chakula sharti kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo viini vitatumaliza. Nilirudi nyumbani nikitazama vyombo vyetu kwa huruma. Siku hiyo Kogo alikuwa kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Nikakishusha kibuyu. Kilikuwa cheusi ndani kupita kiasi. Nikachukua sabuni ya unga ya mama ya kufulia, nikatia konzi nzima, nikamimina maji ya moto, nikakitikisa mpaka povu likatoka kwa shingo. Baadaye nikakisugua kwa makaa na kutia maziwa, nikafuata kila hatua kama alivyofanya yeye, ila nikaongeza elimu. Nikakirudisha ukutani nikisubiri kusifiwa.

Jumapili tulitembelewa na wazee wawili wa kanisa. Kogo akamimina mursik. Baba akapiga funda la kwanza, akatazama ndani ya kikombe.

"Mama," alimwambia Kogo, "hii mursik imeoga."

Wazee walikunywa kwa adabu. Mmoja akaomba maji. Kogo alionja, akanigeukia, na sikuhitaji kuulizwa. Nilianza kulia kabla hajafungua kinywa. Ninyi mnajua. Kibuyu si sahani. Sahani huoshwa ikasahau, lakini kibuyu hunywa kile unachokitia, kikakiweka kwenye nyama yake. Kibuyu kikionja sabuni, wengi hukitupa au hukigeuza cha kuwekea mbegu. Nilikuwa nimeua kitu kilichotoka Sigor, kilichozidi umri wa baba yangu. Nililia kwa sababu nilielewa hivyo kabisa.

Mama alikuwa ameshavunja kifimbo cha mchai. Kogo akamzuia.

"Ukimpiga, sabuni itatoka?" aliuliza.

Mama akakiweka kifimbo chini.

"Ataketi na mimi kila siku mvua ikinyesha," Kogo akasema, "tukisugue mpaka itoke."

Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kifimbo. Mvua ndiyo ilikuwa saa yetu ya kucheza. Jirani yetu Mama Nyaboke, aliyehamia kwetu kutoka Kisii na mumewe, alikuwa na banda pana la kuwekea majani chai yasiloe kabla ya kupelekwa kwenye senta ya kununulia chai kupimwa, na watoto wote wa mteremko walikusanyika humo kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Nilisikia kelele zao kupitia ukuta wa udongo nikiwa nimekaa kwenye moshi. Wiki ya kwanza nililia kila siku. Kogo hakunibembeleza. Alinionyesha kigoda cha babu, akasema, "Kaa hapo," nami nikakikalia.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilikataa haraka. Tulikisuuza kwa maji ya moto na kukiinamisha kando ya moto kikauke. Tukasubiri. Tukachagua kaa la senetwet lililoiva vizuri, likaingizwa ndani, nikalisaga kwa kijiti kirefu taratibu, nikizungusha kutoka shingoni mpaka tumboni, nikikung'uta, nikirudia. Nikiharakisha, Kogo alinishika mkono. "Pole pole. Unakisugua, humfukuzi mtu."

Katikati ya kusubiri kulikuwa na chai ya maziwa yenye moshi kidogo, na kiazi kilichozikwa kwenye majivu, ambacho ukikipasua kinatoa mvuke usoni. Kulikuwa na mvua. Kogo alinifundisha kuisikiliza ikija: kwanza inagonga mabati ya shule, halafu ya kanisa, halafu kwa Mama Nyaboke, halafu inatuangukia sisi na hakuna tena kusikilizana. Nikitaka kupiga porojo alisema, "Nyamaza kidogo tusikie mabati." Tukanyamaza. Mara nyingine alitaja majina ya ng'ombe wa kwao, mmoja mmoja, na tabia zao. Mara nyingine hakusema lolote hadi mvua ikaisha, akasema, "Haya, nenda."

Kila Jumapili tulijaribu. Alimimina mursik kwenye kikombe cha bati, akanywa kikombe chote mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa leso yake na kutikisa kichwa.

"Bado," alisema.

Nikiomba nami nionje, alikataa. Sabuni ingeniharibu tumbo, na yeye alikuwa mzee, tumbo lake limezoea. Nilimwonea huruma sana bibi yangu kwa kujitolea namna ile.

Siwezi kusema ni siku gani niliacha kulitamani lile banda. Najua tu kwamba siku moja mvua ilianza tukiwa bado darasani nikashtuka kwamba nimechelewa, na niliyemfikiria alikuwa Kogo, kwamba atakuwa ameshachochea moto na anatazama mlango. Nilikimbia. Marafiki waliniita kutoka kwa Mama Nyaboke nikapita. Nilipoingia alikuwa ameshanipanguzia kigoda vumbi.

Tulianza kazi hiyo wakati wa kupanda mahindi, tukaimaliza tukichoma mahindi hayo hayo. Jumapili hiyo alimimina vikombe viwili. Nikanywa. Ilikuwa mursik safi, ya moshi, nzito, tamu. "Imetoka," alisema. Nilifurahi, halafu nikahuzunika, na kesho yake mvua ilipoanza nilienda kwake hivyo hivyo. Hakuniuliza nimefuata nini. Niliendelea kwenda mpaka nilipojiunga na shule ya bweni.

Kogo amelala kaburini sasa miaka mingi, na kibuyu kilikwenda kwa mama. Alipozeeka akaniita anikabidhi, na hapo ndipo nilipomkumbusha habari ya sabuni, nikijilaumu tena kama kawaida yangu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ile sabuni ilitoka wiki ya tatu," aliniambia. "Mimi mwenyewe nilionja ulipokuwa shule. Nikamwuliza Kogo, kwa nini unamtesa mtoto? Akaniambia ninyamaze. Tangu mzee wake afariki hakuna mtu aliyekuwa anakaa naye mvua ikinyesha."

Nilikipakata kibuyu mapajani. Miezi yote ile nilidhani mimi ndiye niliyekuwa na deni.

Leo nina michai yangu mwenyewe na jiko langu mwenyewe, na kibuyu kinaning'inia ukutani. Silalamiki. Asubuhi nachuma majani mawili na chipukizi umande ukinilowesha mikono, mchana navua gambuti zangu za shambani mlangoni, mvua ikianza nachochea moto. Mume wangu yumo kwenye kamati ya senta na hurudi jioni. Watoto wameenda. Saa hiyo ya mvua ni yangu, naipenda, ingawa kigoda cha pili hukaa bure.

Binti yangu Chebet anafanya kazi Nairobi, kazi ya kompyuta ambayo amenieleza mara nne na bado nasema kwa watu kwamba ni ya ofisini. Alikuja majuzi kwa likizo ya wiki tatu. "Mum, nimechoka mpaka kwa mifupa," alisema, akalala siku mbili. Usiku nikasikia mvua chumbani kwake ilhali nje kulikuwa kukavu. Kumbe ni simu. Wao huko mjini hulala wakisikiliza mvua ya simu ili watulie. Nilimwuliza ni mvua ya wapi. Hakujua. Mtoto amezaliwa chini ya mabati ya Mogogosiek, anabeba mvua isiyo na kwao.

Siku ya nne nilitoka senta nikamkuta mlangoni anatabasamu.

"Mum, nimekuoshea hii kitu," alisema. "Ilikuwa black ndani, ni kama hamjawahi iosha."

Mkononi alikuwa na kibuyu. Kilinukia ndimu, ile sabuni ya maji ya vyombo aliyokuja nayo. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilimwona mama yake Kogo akikitoa, Kogo akikipakata njia yote kutoka Sigor, mama akinikabidhi. Nilifungua kinywa niseme neno ambalo nisingeweza kulirudisha, na hapo hapo nikasikia mvua imefika kwenye mabati ya shule. Ikafika kanisani. Nikafunga kinywa.

"Hicho huwa hakioshwi kwa sabuni," nilimwambia. "Lakini kinatibika. Vuta kigoda."

Alikaa nami kila siku tangu hapo. Siku za kwanza simu ilikuwa gotini na alisugua kwa mkono mmoja, nami nikamshika mkono, "Pole pole." Wiki ya pili simu ilianza kusahaulika chumbani. Aliniuliza habari za Kogo, nami nikamtajia majina ya ng'ombe. Mvua ikizidi tulinyamaza. Jana aliinua kichwa akasema, "Imefika kwa kanisa," na nikageuka upande wa moto asinione macho.

Enzi zetu tulikuwa na muda mwingi na hatukujua kwamba ni mali. Tuliutapanya chini ya michai. Watoto wetu wanaujua muda kwa dakika, wana saa mkononi na saa kwenye simu, na hawana hata jioni moja. Siwalaumu sana. Pengine hakuna aliyewahi kuwaambia wakae. Sisi tuliambiwa, na ilibidi kwanza tuharibu kitu.

Leo asubuhi, kabla hajapanda gari kurudi Nairobi, tulijaribu. Nilimimina mursik kwenye kikombe. Ilikuwa nzito, ya moshi, safi, bila dalili ya ndimu. Tena ilikuwa tamu. Nikanywa kikombe chote mpaka tone la mwisho, nikafuta mdomo kwa leso na kutikisa kichwa.

"Bado," nilimwambia.

Chebet alikitazama kibuyu kwa uchungu, akakipangusa shingo kwa kiganja chake.

"Pole, Mum," alisema. "Basi nitakuja mwisho wa mwezi tumalizie."