Kuzamishwa Mara ya Pili kwa Susu Kasyoka

Kyule, mpiga picha wa mji mdogo wa Kiboko, hakuwa mtu wa makuu. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, karibu na fundi wa pancha, na riziki yake ilikuwa picha za pasipoti, harusi na matanga. Lakini makanisa yote ya upande ule yalimjua kwa kitu kimoja: mfuko.

Ulikuwa mfuko wa plastiki nzito inayoonyesha kilicho ndani, wenye kidirisha cha kioo mbele, na mdomo unaokunjwa kisha kubanwa. Vyombo vya wataalamu vya kuzamishia kamera majini hushinda hata kamera yenyewe kwa bei. Huu wa Kyule haukuzidi bei ya jogoo wawili. Kabla ya kuuamini, aliujaza karatasi za chooni akauzamisha kwenye pipa, akaulaza humo mpaka asubuhi. Karatasi zilitoka kavu. Basi tangu hapo, ukibatizwa mtoni, pale maji ya chemchemi ni mangavu hata unaona mawe, picha yako ilipigwa ungali chini ya maji. Watu waliipenda hiyo, we!

Jumapili moja ikaja zamu ya Susu Kasyoka. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na huyu alikuwa nyanya wa kila mtu. Alikuwa ameahirisha ubatizo miaka na miaka kwa kuogopa maji tu. Siku hiyo akaingia, ameshika mkono wa Pasta Musyimi kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Maneno yakasemwa, akazamishwa, akainuka, kina mama ukingoni wakapiga vigelegele.

Kyule, maji yakiwa kifuani, aliangalia kamera yake akaona weupe mtupu. Alijua kosa lake papo hapo. Mfuko aliufunga juani, hewa ya moto ikiwa ndani, na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, alivisahau kibandani. Maji baridi yalipougusa, ukapanda ukungu. Na vijana wa Susu walioko Mombasa walikuwa wanaingoja picha hiyo kuliko kitu chochote.

"Pasta, haikutoka," alisema. "Tumrudishe chini kidogo?"

"Kyule, ubatizo ni mmoja."

"Si ubatizo, ni picha tu. Usiseme yale maneno."

Pasta alisitasita. Susu akawatazama mmoja baada ya mwingine, maji yakimchuruzika kidevuni. "Kwani sikuzama vizuri?" aliuliza. Pasta akamzamisha tena, safari hii Susu hakuwa amejiandaa, akanywa maji, akainuka akikohoa, kitambaa chake cha kichwa kikienda na mkondo. Kina mama hawakupiga vigelegele.

Jioni hiyo Kyule alifungua picha kwenye kompyuta, akashika kichwa. Ukungu ulikuwa upande wa nyuma wa mfuko tu, upande aliotazamia yeye. Kidirisha cha mbele kilikuwa safi. Picha ya kwanza ilikuwa imetoka vizuri kabisa: Susu chini ya maji, uso umetulia kama aliyelala. Ya pili ilikuwa ya mtu anayezama.

Alinyamaza. Akawatumia vijana ile ya kwanza, akapokea shukrani zao.

Huenda angenyamaza mpaka leo, kama si Nthenya, mke wa mwana wa Susu, aliyepita kibandani kupiga picha ya pasipoti. Katika kuzungumza, alisema mama mkwe wake hashiriki tena meza ya Bwana. Sahani ya mkate ikimfikia, anaipitisha. Anasema hakuna anayerudishwa majini kama mara ya kwanza alikubaliwa. Pasta alijaribu kumweleza, akajibiwa kwamba yeye Pasta ndiye aliyemrudisha.

Kesho yake Kyule alifunga kibanda, akamkuta Susu uani akipepeta ndengu. Akamwekea picha zote mbili juu ya mkeka.

"Susu, ya kwanza haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwangu. Nilikurudisha majini bure."

Bibi aliisogeza ya kwanza karibu na jicho, akakaa nayo. Kisha akaigusa ya pili kwa kidole. "Na hii ni ya nani?"

"Ni mfuko, Susu, ulishika ukungu."

"Mfuko haukuongea na Pasta."

Kyule akainamisha kichwa. "Ni yangu."

"Haya. Jumapili utasimama useme hivyo mbele ya walioniona. Nikisema mimi, wataona ninajitetea."

Jumapili ilipofika, Kyule akasimama kanisani. Alisema kwa sauti ya chini, Pasta akamwambia apaze sauti, akarudia mpaka watu wa benchi la nyuma wakasikia. Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Halafu sahani ya mkate ikapita, ikamfikia Susu Kasyoka. Akachukua kipande, akakitafuna polepole kwa meno yake machache, macho ameyafumba.

Watu walimshika Kyule mkono nje ya kanisa, wakamwambia amefanya vyema. Alishukuru. Alikuwa amengoja moyo uwe mwepesi, na haukuwa; ndani yake, yule bibi alikuwa bado anakohoa.